Wananiita Bwana Ogweno

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua imenyesha tena usiku kucha na mtaro wa mbele ya nyumba umejaa hadi kizingitini. Redioni wanasema ni El Nino na kwamba itaendelea miezi. Nimeona nianze kuandika, kwa sababu mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yangu sina. Nikimweleza jirani hapa Kirumba, Mwanza, anaitikia "ehee, ehee" mpaka nachoka mwenyewe.

Kazi ni hii. Mradi wetu unahudumia zahanati za visiwani, ambako simu hakuna. Kila zahanati ina redio ya kuzungumzia. Ile ya Kome, kwa majaribio, imepewa pia kompyuta ndogo inayotumia betri ya sola. Justa, muuguzi wa Kome, anaandika barua. Kompyuta yake inaigeuza kuwa milio, redio inairusha juu ya ziwa, na kompyuta yangu hapa mjini inaigeuza kuwa maandishi tena. Akihitaji dawa, orodha inafika bila mtu kukosea jina wala idadi.

Programu inayofanya hivyo hatukuinunua dukani. Imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, wanampa yeyote anayeitaka, na anayeona kosa anaruhusiwa kuifungua na kulirekebisha. Wanaandikiana kwa barua pepe. Ukituma moja wanaipata wote. Mimi nawaita kundi.

Kwenye kundi naitwa Bwana Ogweno. Tangu barua ya kwanza nilitia saini "Akumu Ogweno", na Mjaluo yeyote angejua kwa herufi moja tu: Okumu ni mwanamume, Akumu ni mwanamke. Sikudanganya. Lakini wala sikuwasahihisha, na sasa mwaka umekwisha.

Anayenisaidia kuliko wote ni Maarten wa Uholanzi. Ndiye aliyeandika kipande cha programu kinachozungumza na redio. Wengine wakiulizwa swali la mtu asiyejua, wanajibu kwa kejeli. Yeye anajibu kama mtu aliyekaa na wewe benchi moja.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Umeme umekatika mchana wote. Sikufanya lolote la maana.

Jumamosi, 22 Novemba

Owiti amekuja. Anafundisha sekondari ng'ambo ya Busisi na kivuko kilichelewa kwa ajili ya upepo, kwa hiyo alifika amelowa na hasira kidogo. Tumechumbiana tangu Pasaka. Nilimpikia ugali na sato, akatulia.

Kisha akaniambia, akitazama sahani, kwamba mama yake ameulizwa na wanawake wa kanisani kama ni kweli mkwe wake mtarajiwa hupanda mlingoti wa antena amevaa suruali. Nikasema ni kweli, mlingoti haupandwi na gauni. Akacheka. Halafu akasema mama anauliza kama kazi hiyo haimgeuzi mwanamke. Nikamuuliza, imgeuze kuwa nini? Akaomba maji ya kunawa. Baada ya kuondoka kwake nilijitazama mikono. Ina makovu ya nyaya. Mikono ya marehemu mama ilikuwa na makovu ya dagaa, na hakuna aliyemuuliza swali kama hilo.

Jumanne, 9 Desemba

Tatizo limeonekana wazi. Radi ikianza kupiga ziwani, redio inajaa makelele, na kompyuta yangu inadhani Kome amekata mazungumzo. Inamfungia. Kome anaanza upya, inamfungia tena. Siku kavu kila kitu kinakwenda. Lakini mwaka huu siku kavu ziko wapi?

Nimemwandikia Maarten. Amejibu kwamba kosa ni lake, si langu, na ameniomba nimrekodie yanayotokea kila radi inapopiga. Basi nimekuwa mtu wa kuomba radi, wakati mji mzima unaomba zikome.

Jumatano, 24 Desemba

Kanisani leo. Mzee Shigela, mkuu wetu wa mradi, amesoma somo la pili. Ni mzee wa kanisa kabla ya kuwa chochote kingine. Hata ofisini anatembea kama aliyebeba sadaka. Namwogopa.

Jumanne, 13 Januari 1998

Sijui niandikeje.

Leo kundi zima tumepata barua ya Maarten. Ni fupi. Anasema kwamba tangu utoto amekuwa akiishi kama mwanamume huku akijua moyoni kwamba ni mwanamke, kwamba ameanza kuishi kama mwanamke kazini na nyumbani, na kwamba jina lake ni Marijke. Anaomba watu walitumie. Kisha, chini kabisa, anaongeza kwamba kiraka, yaani mistari michache ya kuiziba programu penye tatizo la radi, kinakaribia kuwa tayari na anamshukuru Bwana Ogweno kwa vipimo vyake.

Nimeisoma huku mlango wa ofisi nimeufunga. Nilishtuka, sitaficha. Nimelelewa Shirati, kwenye familia ya sala asubuhi na jioni, na jambo kama hili sijapata kulisikia. Nilijaribu kufikiri kitu kinachofanana nalo. Nikakumbuka kwamba kwa majirani zetu Wakurya, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume huoa mke, akawa mume wa nyumba, na watu wanamheshimu hivyo. Si jambo hilihili, najua. Ila ndilo pekee lililonijia.

Halafu nikataka kumjibu na nikakwama. Kwetu "yeye" ni yeye. Unaweza kumsimulia mtu kutwa nzima bila kusema ni wa kiume au wa kike. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Nimechagua kuandika: Mpendwa Marijke, kiraka kikiwa tayari nitakijaribu. Nikatuma.

Ijumaa, 16 Januari

Barua zimemiminika. Wachache wamempongeza, wachache wamesema haliwahusu, wengine wamemtukana kwa maneno ambayo sitayaandika. Mmoja anayesaini Colin, anayesikilizwa sana, ameandika kwamba hapa hakuna wanawake, hawajawahi kuwapo, na kwamba akitokea anayedai ni mwanamke tujue ni mwanamume mwingine wa aina ya Maarten. Watu wengi wamecheka. Mmoja akaongeza kwamba ndiyo hali ya wote wanaoandika programu za bure, wana mwili huku na akili kule.

Mimi niko humo. Bwana Ogweno yuko humo, amenyamaza.

Jumamosi, 31 Januari

Nimemweleza Owiti habari za Marijke. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza taratibu kama mtu huyo ananiandikia mimi binafsi. Nikasema ndiyo, juu ya redio. Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

Usiku huu bado nasikia lile swali.

Alhamisi, 5 Februari

Kiraka kimefika. Marijke anasema kinahitaji kuwekwa upande wetu wa mjini tu, na kwamba hajakijaribu kwenye radi ya kweli kwa sababu Uholanzi sasa ni theluji. Nimekinakili kwenye disketi. Nitamwomba Mzee Shigela ruhusa wiki ijayo, akirudi safari ya Geita.

Jumanne, 10 Februari

Amekuja mgeni kutoka Dar, Antoni, wa kampuni mojawapo ya hizi mpya zinazouza kompyuta. Tai, manukato, simu ya mkononi kiunoni. Ana adabu sana, aliniamkia hata mimi. Anataka kuuzia mradi mfumo wake, wenye leseni na cheti. Nilimuuliza utafikaje Kome pasipo simu. Akasema simu zitafika, soko limefunguliwa, tusubiri kidogo.

Alikaa na Mzee Shigela muda mrefu. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Cha bure ni cha bure, Mzee. Na hao wanaoandika hizo programu, wewe mtu wa Mungu, ungewajua usingewaruhusu mlangoni. Ukimkuta mwanamke kule, ni mwanamume. Na ukimkuta mwanamume, subiri."

Habari za kundi amezitoa wapi?

Alhamisi, 12 Februari

Mzee Shigela ameniita. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Aliuliza kama ni kweli mwandishi wa programu yetu ni mwanamume aliyejifanya mwanamke. Nilisema mwandishi ni Marijke, na kwamba programu inafanya kazi. Akauliza tena. Nikasema tena.

Hakufoka. Angefoka ningejua pa kusimama. Alisema mradi ni wa watu wa kanisa, wafadhili wana macho, na kwamba hadi kikao cha Aprili kisiwekwe kitu chochote kipya kutoka kwa mtu huyo. Nilimweleza kuhusu kiraka na radi. Akasema, hadi kikao.

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema kwa shida, "Na wewe, binti Ogweno. Watu wanauliza kuhusu wewe pia."

Jumatatu, 16 Februari

Barua ya Kome imekatika mara nyingi leo. Orodha ya dawa za malaria tumeipata kwa kupigiana kelele redioni. Justa amepoteza sauti.

Ijumaa, 20 Februari

Nimefanya jambo.

Colin aliandika tena kwamba hakuna wanawake. Watu wakaitikia kama wimbo. Nilikuwa nimekaa, chai imepoa, nikaona nimechoka kuwa Bwana. Nikaandika: Jina langu ni Akumu, ni jina la kike, mimi ni mwanamke, niko Mwanza, nimekuwa nanyi mwaka na zaidi. Nikatuma kabla sijaogopa.

Majibu yamefika jioni kabla sijafunga ofisi. Hawaniamini. Mmoja ameandika: Wa pili huyo. Mwingine amesema nilikuwa mzuri nilipokuwa mwanamume. Mwingine anauliza kama ni maradhi ya kuambukiza kwa njia ya programu.

Nilitembea mpaka nyumbani mvuani bila kufungua mwavuli. Huku mtaani naambiwa kazi hii imenigeuza mwanamume. Kule naambiwa ni mwanamume aliyejigeuza mwanamke. Katikati ya watu hao wote, mimi nimekaa wapi?

Jumanne, 24 Februari

Colin ameniandikia pembeni, bila kundi kuona. Ana heshima ghafla. Anasema kama kweli mimi ni mwanamke wa kuzaliwa, nimpelekee picha kwa posta pamoja na barua ya mwajiri, naye atanitambulisha kwa kundi. Anasema watafurahi kuwa na mwanamke halisi, na kwamba itasaidia watu waone tofauti yangu na "yule mwingine". Ameahidi kushughulikia tatizo langu la radi yeye mwenyewe.

Nimesoma barua hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Anajua kazi yake. Angeweza kulitatua.

Jumamosi, 28 Februari

Nilikwenda studio ya picha hapa Kirumba asubuhi. Nilivaa gauni la buluu, nikasuka nywele, nikapaka poda. Mpiga picha aliniambia nitabasamu.

Owiti alipofika nikamwonyesha barua ya Colin. Alifurahi kama aliyeteremshiwa mzigo. Akasema nipeleke picha leo leo. Akasema, "Neno moja tu, Akumu. Sema wewe si kama yule. Huko watakuamini, na hata Antoni hatakuwa na la kusema."

Nikamuuliza anamjuaje Antoni.

Ikatoka polepole. Walisoma pamoja Musoma. Walikutana hotelini mwanzoni mwa mwezi huu. Owiti alikuwa na wasiwasi, hakuwa na wa kumweleza, akamweleza yeye. Hakukusudia ubaya, alisema. Alitaka ushauri tu. Na nilipomtazama niliamini kwamba hakukusudia ubaya. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alinitoa kwa mtu kama anavyotoa koti la kufuliwa.

Baada ya yeye kwenda kuwahi kivuko nilikaa na ile picha. Nywele nzuri, gauni zuri. Macho ni ya mtu anayeomba ahurumiwe.

Jumatatu, 2 Machi

Marijke ameniandikia. Ameyaona yote ya kundi, na habari ya picha nilimweleza mwenyewe. Ananiambia nipeleke picha. Anasema yeye ana nyumba, kazi, na marafiki wachache waliobaki. Mimi nina kisiwa kinachonitegemea. Anasema hatanilaumu. Anajitoa kwenye kundi, asiwe sababu ya watu kutupiana mawe, na kiraka nimpe yeyote atakayekitaka.

Hakuna neno la kujihurumia humo. Ningeona afadhali liwepo.

Nimemwandikia Colin hivi: Asante. Picha sitaleta. Hukumwomba mwingine yeyote picha kabla ya kupokea kazi yake. Marijke ni mwalimu wangu na jina lake unalijua.

Hakujibu. Basi, sasa sina Colin, wala Marijke kwenye kundi, wala ruhusa. Nina disketi kwenye droo.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Mtaa wa chini maji yameingia majumbani. Tumeambiwa tuchemshe ya kunywa.

Jumamosi, 14 Machi

Owiti hakuja. Kivuko kilikuwa kinafanya kazi.

Jumatano, 18 Machi

Nitaandika yote kwa utaratibu, nisije nikayasahau yalivyokuwa.

Asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi kama masizi. Ziwa hatukuliona kutoka dirishani. Nilipowasha redio ya sauti nilisikia makelele, na ndani yake, mbali, Justa akiita Mwanza, Mwanza. Nikamjibu. Hakunisikia. Aliita tena, akasema maneno mengi mfululizo, na hata moja sikulishika. Sauti yake sikuipenda. Justa ni mtu wa kutania hata akiumwa.

Kisha kompyuta ikaanza. Kome alikuwa anatuma barua. Taa ya modemu, kile kisanduku kinachounganisha redio na kompyuta, inawaka, milio inaingia, radi inapiga, na kompyuta yetu inamfungia. Anaanza tena. Inamfungia. Barua ileile, kila mara ikikatika mstari wa kwanza, penye jina la zahanati.

Nikamwita Mzee Shigela. Alisimama nyuma yangu amevaa koti lake la mvua, tukatazama pamoja. Akauliza barua inasema nini. Nikasema sijui. Huenda ni orodha ya kawaida ya mwezi. Huenda si ya kawaida. Akasema hawezi kutoa boti kwenye dhoruba kama hii, na watu wake ndani, kwa neno la huenda. Alikuwa na haki.

Taa ikawaka, ikazimika. Ikawaka, ikazimika.

Akasema, "Kile kiraka. Kinaweza?"

"Sijui, Mzee. Hakijajaribiwa."

"Kwa nini hakijajaribiwa?"

Alijua kwa nini. Nilimwona anajua, uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga moto akiwa amevaa viatu, joto likachelewa kumfikia.

Akasema, "Kiweke."

Niliweka disketi. Kilikataa. Programu yetu ilikuwa ya zamani kidogo kuliko ile ambayo Marijke aliandikia kiraka, mistari haikulingana. Simu ya ofisi ilikuwa imekufa tangu alfajiri. Barua kwa Uholanzi haiwezekani. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kumuuliza.

Nikafungua kiraka chenyewe nikaanza kusoma. Kati ya mistari ya amri, waandishi huacha maelezo kwa ajili ya atakayekuja baadaye, na wengi huyaacha mafupi au hawaachi kabisa. Marijke ameeleza kila hatua kama alivyozoea kunieleza mimi. Penye kiini chenyewe ameandika: Usimfungie haraka. Aliyenyamaza huenda bado anasema, ila hasikiki.

Nilihamisha mstari mmoja mmoja kwa mkono. Nilikosea, nikarudia. Mzee Shigela alivuta kiti akakaa, bila kuchungulia begani kwangu. Nje mabati yalikuwa yanapiga kelele kama soko. Nilipowasha upya nilifumba macho.

Radi ikapiga. Taa ikazimika. Kompyuta ikangoja. Sijawahi kuona mashine inangoja namna ile, kimya, kama mtu aliyetega sikio. Taa ikawaka. Neno moja likaingia. Radi. Ikangoja. Maneno mawili.

Barua ya Justa iliingia vipandevipande, tukiisoma kadiri inavyotokea. Kipindupindu. Kijiji cha wavuvi upande wa magharibi. Wagonjwa wamelala nje chini ya maturubai. Dripu zimekwisha jana. Amekufa mama mmoja na watoto wake wawili. Chini, orodha ya anavyohitaji, kwa majina na idadi, hakuna herufi iliyopotea.

Mzee Shigela aliisoma mpaka mwisho akisogeza midomo. Kisha akasimama, akaenda stoo mwenyewe, na upepo ulipopungua baada ya saa sita boti ikaondoka ufukweni Mwaloni na dripu na yeye ndani yake, na viatu vyake vya ofisini. Hajui kuogelea. Nilisikia baadaye.

Mimi nilibaki mbele ya kompyuta. Nilimtumia Justa mstari mmoja: Wanakuja. Ulikwenda.

Ijumaa, 20 Machi

Wamefika. Justa anaandika kwamba hajalala lakini hakuna aliyekufa tangu jana. Barua zinapita, radi iwepo isiwepo.

Siwezi kuacha kufikiri juu ya yule mama na watoto wake. Kiraka kilikuwa kwenye droo tangu Februari.

Jumamosi, 28 Machi

Owiti alikuja, hakukaa. Alisema amesikia habari za Kome na ananipongeza. Alisema mama yake ameshauri tungoje mwaka, watu wasahau. Alisema tena lile neno lake, kwamba ningesema tu kwamba mimi si kama yule, haya yote yasingekuwapo.

Nikamwambia, "Ningesema, wangeniamini mpaka lini? Kesho wangetaka jingine, na wewe ungeniambia niseme."

Nilimpenda, hilo pia liandikwe. Nilimrudishia pete yake akaitia mfukoni pasipo kuitazama, akaenda. Nililia, kisha nikaosha vyombo.

Alhamisi, 16 Aprili

Kikao. Sikulala vizuri siku hizi zote.

Walikuwapo watu wa kanisa, mama mmoja wa wafadhili kutoka Nairobi, na Antoni, aliyepewa nafasi ya kueleza mfumo wake. Alieleza vizuri. Kisha akasema, kwa ile sauti ya huruma, kwamba kitu kisichouzwa hakina mwenyewe, kikiharibika utamshika nani, na kwamba waandishi wake wanajulikana ni watu wa namna gani, hata jinsia zao hawana uhakika nazo. Wachache walicheka chini chini. Mama wa wafadhili akauliza kama ni kweli mwandishi hajulikani.

Nilifungua mdomo. Mzee Shigela aliinua mkono, akasimama yeye.

Alisema programu inayo mwandishi, na anajulikana. Anaitwa Bi Marijke, wa Uholanzi. Kwa ulimi wake wa Kisukuma lilitoka "Malike", lakini lile "Bi" lilitoka wazi. Alisema kazi ya Bi huyo ilikamilishwa na Bi Akumu Ogweno, aliyeketi pale. Alisema yeye mwenyewe aliizuia kwa maneno aliyoyasikia juu ya watu, si juu ya kazi, na kwamba Kome kuna makaburi ambayo atayajibu siku yake ikifika. Kisha akakaa. Hakuna aliyecheka.

Ukumbini, watu wakiwa wanatafuta miavuli yao, alinisogelea. Aliniambia kwamba yeye hawaelewi watu wa namna ile, na hategemei kuwaelewa katika umri wake. "Lakini jina la mtu," alisema, "nitamwita alilonipa." Kisha akaniuliza kama nina usafiri.

Mfumo wetu utawekwa Ukerewe pia. Antoni aliniaga kwa adabu, akaniachia kadi yake.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua zimepungua. Nimeona kipande cha anga mchana.

Nimekitoa kiraka kwa kundi. Nimeandika: Kimebuniwa na Marijke, kimekamilishwa na mimi, Akumu Ogweno. Sisi sote wawili ni wanawake. Anayetaka uthibitisho, na akijaribu kwenye radi.

Kimya siku nzima.

Ijumaa, 8 Mei

Mtu wa Brazili amekijaribu, kinafanya kazi. Mtu wa Norwe vilevile. Colin hajasema. Mwingine aliyekuwa akicheka naye mwezi wa kwanza ameuliza swali, la kazi tu, na amelianza: Bi Ogweno.

Marijke kimya. Nilimwandikia pembeni mara mbili tangu Machi. Labda hanitaki tena. Labda ameachana na redio kabisa.

Jumanne, 12 Mei

Asubuhi, kwenye kundi lilelile alilojitoa, mbele ya wote, barua imetoka kwa Marijke. Haina salamu wala asante. Anasema amepitia kazi ya Akumu, kwamba pale mistari inapohamishwa nimesahau kuiachilia nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta baada ya kumaliza, kwamba kompyuta itakwenda wiki mbili tatu kisha itajaa na kusimama, na kwamba ni kosa ambalo hata yeye alilifanya mara mbili. Ananiomba nilirekebishe kabla watu wengi hawajakichukua.

Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Mzee Shigela akachungulia. Nikamwambia ni kosa, Mzee, kosa langu, limeonekana. Akatikisa kichwa akarudi kwenye kazi zake.

Nikafungua programu. Lilikuwa pale pale aliposema. Nimelirekebisha kabla ya chai.